Pasaka ya Makaburini Tukiwa Ujerumani: Jibu kwa Ndugu wa Rungwe

Kila Kwaresima inapokaribia kwisha, wazee na ndugu zetu wa Tukuyu na Mbeya hutuuliza swali moja: je, huko Ujerumani tulikotumwa kuhudumu, mimi na mke wangu tunaila Pasaka ipasavyo, au inatupita tu kwa kuwa Wazungu wameacha kanisa? Swali hili linastahili jibu la kweli, hata pale ambapo ukweli wenyewe unauma.

Kwanza, ibada ya alfajiri makaburini, ambayo sisi waumini wa Kanisa la Moravian tumeizoea tangu utoto, huku ndiko ilikozaliwa. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Cheki, walipewa hifadhi katika ardhi ya mwungwana aitwaye Zinzendorf, wakajenga Herrnhut, mji mdogo ulio mashariki ya Saxony, karibu na mipaka ya Poland na Cheki. Pasaka ya mwaka 1732 vijana wao walipanda kilima cha Hutberg kabla ya jua kuchomoza, wakaimba kati ya makaburi kwamba Bwana amefufuka, na mwaka huohuo wamisionari wa kwanza wakaondoka kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na urithi huo. Kwa hiyo tarumbeta zinapolia Hutberg gizani hatujioni wageni, kwa maana hata asiyejua neno moja la Kijerumani atatambua ni ibada gani inayoendelea.

Makaburi yenyewe yanafundisha. Mawe yamelazwa chini, safu kwa safu, yakilingana ukubwa, ndugu wa kiume upande mmoja na dada upande mwingine, bila kumpa tajiri jiwe refu kuliko la fundi seremala, isipokuwa yale makaburi makubwa ya familia ya Zinzendorf yaliyo katikati. Mara ya kwanza kuyaona, mke wangu aliinama akaufuta umande kwenye jiwe moja kwa kiganja ili asome jina, na mama mmoja mzee aliyekuwa karibu akamweleza, polepole ili aelewe, kwamba huyo alikuwa mwalimu wake wa shule ya Jumapili.

Baridi haikututisha sana, kwani sisi wa Rungwe hatukulelewa kwenye joto, na Pasaka ya nyumbani mara nyingi tumeisali tukiwa na matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Kinachosumbua ni saa. Kwetu jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, lakini huku alfajiri ya Pasaka ya mwezi Machi na ile ya mwishoni mwa Aprili zinapishana mno, na juu ya hayo saa zote husogezwa mbele kila Jumapili ya mwisho ya Machi. Mwaka 2024 Pasaka iliangukia siku hiyohiyo, tarehe 31 Machi, hivyo kila mtu alipoteza saa moja ya usingizi kabla ya kupanda kilima, na tofauti ya saa kati yetu na ninyi ikashuka kutoka mbili hadi moja.

Ni kweli kwamba watu wengi wa eneo hili si washirika wa kanisa lolote, na hilo linatuhuzunisha kila wiki tunapohesabu vijana ibadani. Hata hivyo tunawasihi msiseme kwa wepesi kwamba Wazungu wamepotea. Hapa palikuwa Ujerumani Mashariki, chini ya utawala wa kikomunisti hadi mwaka 1990, na wapo waliofungiwa njia ya masomo ya juu kwa sababu tu walishikamana na kanisa. Wazee wanaosimama nasi makaburini waliilipia imani yao kwa gharama ambayo wengi wetu hatujawahi kudaiwa. Tulitumwa kuhudumu pamoja nao, nasi tunawaheshimu sana.

Kuhusu chakula nitasema machache. Maduka hufungwa Ijumaa Kuu, Jumapili na Jumatatu ya Pasaka, kwa hiyo asiyenunua mapema atakula alichonacho. Ndizi za kupika tunazipata mjini Dresden, zikiwa zimesafiri kutoka Amerika ya Kusini, ngumu na zisizo na utamu wa zile za migombani kwetu, lakini tukizipika na nyama na maziwa majirani hurudia sahani. Wao hutuletea mayai yaliyopakwa rangi na mkate wa kusuka.

Sasa nifike kwenye jambo zito. Mnajua kwamba katika liturjia ya alfajiri hiyo hutajwa walioitwa na Bwana tangu Pasaka iliyopita. Nyumbani majina hayo ni ya watu tuliowazika, ambao tulikesha matangani kwao. Huku husomwa majina ya watu tuliowafahamu kidogo, nasi husimama tukiwalilia wengine kimoyomoyo. Mwaka mmoja shangazi yangu aliyenilea alifariki kabla ya Kwaresima, nami nikaelezwa baada ya Pasaka, kwa sababu ukoo ulikubaliana kunificha ili nisivurugike katika huduma. Najua walifanya kwa upendo. Lakini nilisimama makaburini nikimwombea afya mtu ambaye alikwisha kuzikwa, na sijaona uchungu wa ughaibuni unaoupita huo.

Kwa hiyo, wazee wetu, tunawaomba msitufiche msiba. Hatutaweza kufika kila mara, maana nauli ni kubwa na posho ya mmisionari si mshahara wa tajiri kama baadhi yenu mnavyodhani, lakini kuomboleza tunaweza, na washirika wa huku hujua kukaa na mfiwa. Mchungaji wa hapa amekubali kusoma majina ya wafu wetu pamoja na ya kwao. Tuandikieni kabla ya Ijumaa Kuu, mtaje jina kamili, kijiji na usharika, na kwa yale majina ya Kinyakyusa yanayomshinda kutamka, mke wangu atasimama kando yake ayasome mwenyewe.