Jibu: Uza ng'ombe wachache mapema, kisha nunua nyasi kwa hesabu

Dada yangu, umeeleza kwamba wazazi wako Marsabit wamebaki na ng'ombe sita na mbuzi thelathini, mvua imekosa, nawe hapa Nairobi hujui kama utume pesa za nyasi au uwashawishi wauze. Ningeanza na kuuza, kwa kuwa ng'ombe hudhoofika kabla ya mbuzi na ngamia, na akishafikia hali ya kuinuliwa kwa mkia kila asubuhi, hakuna mnunuzi atakayemtazama. Mjomba wangu alisubiri mvua mwaka 2022, akaishia kuuza fahali kwa bei isiyolipa hata nauli ya lori.

Zungumza na baba kwa upole, maana simu ya mtoto wa mjini inayoamuru mifugo iuzwe haipokelewi vizuri. Wabakize majike wenye mimba na wanaonyonyesha. Hao ndio wa kununuliwa nyasi, na robota lenye ukungu likataliwe hata likiwa rahisi.

Bima ya mifugo dhidi ya ukame, iliyoanza Kenya huko huko Marsabit mwaka 2010, hulipa kwa kupima malisho kwa setilaiti, wala si kwa kuhesabu mizoga, na hukatwa kabla ya msimu, kwa hiyo ulizia ya msimu ujao.

Mnyama akiharisha au kukohoa, aitwe daktari wa mifugo. Mtoto akikonda ghafla au kuvimba miguu, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Boma nalo lihamishwe kutoka kando ya laga, yaani mkondo wa mto unaokauka kiangazi, kwani mwishoni mwa 2023 mafuriko yaliwasomba mifugo waliokuwa wamenusurika ukame.