Conolly alipata wapi hela?
Kuna mtu kauliza William Conolly, mwanasiasa wa zamani wa Ireland, mtoto tu wa mwenye baa, alikuwaje tajiri kuliko wote kule, jibu ni ardhi bana. William Conolly kazaliwa 1662 Ballyshannon kule Donegal, inasemekana mzee wake alikuwa na baa na nyumba ya wageni, yeye akasomea sheria, halafu vita vya 1689 mpaka 1691 vikaisha, wafuasi wa Mfalme James II, yule aliyeng'olewa kwenye kiti cha enzi Uingereza, wakashindwa na kunyang'anywa mashamba, na jamaa akawa ananunua tu na kuuza, yaani dalali wa ardhi ila ana kiti bungeni. 1694 akaoa Katherine Conyngham, familia yenye jina, hapo ndo milango ikafunguka zaidi. 1715 akawa Spika wa Bunge la Ireland pale Dublin, akakaa hapo mpaka 1729 alipofariki. Jumba lake kubwa la Castletown, pale mji wa Celbridge karibu na Dublin, lilianza kujengwa 1722, na hata halikuisha akiwa hai. Watoto hawakujaliwa, mali ikaja kwenda kwa mpwa. Mimi namkubali zaidi mjane wake, maana wakati wa njaa ya 1740 alijengesha mnara mkubwa ili watu wapate vibarua.