Dona, mtama na uwele: tofauti ipo, ila huanzia ghalani

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Nikiacha sembe, mkate mweupe na maandazi nikarudi kwenye dona, mtama na uwele, afya itabadilika kweli au ni maneno ya watu tu?" Itabadilika. Lakini si kwa njia ambayo wengi wanadhani, na mahindi yakiwa mabaya inaweza kubadilika kwa ubaya.

Sembe ni unga wa mahindi yaliyokobolewa, dona ni wa yasiyokobolewa. Mashine ya kukoboa huvua ganda la nje na kung'oa kiini, yaani sehemu ya punje inayoota. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni wanga, na protini kidogo. Kwenye majedwali ya chakula ya Marekani, gramu 100 za unga wa mahindi usiokobolewa zina takribani miligramu 127 za magnesiamu. Ukitoa kiini na ganda hubaki kama 32. Vitamini B1 hupungua kwa zaidi ya nusu, na nyuzinyuzi hushuka kutoka gramu 7 hadi 4 hivi. Vyote hivyo huondoka na pumba, kwa hiyo anayefaidi ni kuku wa jirani.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watu hujidanganya. Tuseme mlo mmoja wa ugali wa mtu mzima unatumia gramu 150 za unga. Kuhama kutoka sembe kwenda dona kunamwongezea gramu 5 hivi za nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Kikombe kimoja cha kunde zilizoiva hutoa gramu 11. Maana yake, mwenye kula sembe kwa kunde na mboga za majani amemtangulia mwenye kula dona kwa mchuzi wa nyama peke yake. Ukiweza kufanya jambo moja tu wiki hii, anza na kunde, choroko au njugu mawe, kisha ndipo uende mashineni.

Faida yenyewe si ya kubuni. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2019 ulionyesha kwamba walaji wa nyuzinyuzi nyingi walikuwa na vifo na magonjwa ya moyo, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana pungufu kwa asilimia 15 hadi 30 wakilinganishwa na walaji wa nyuzinyuzi kidogo. Kiwango kilichoonekana kufaa zaidi kilikuwa gramu 25 hadi 29 kwa siku. Choo huwa laini, tumbo hukaa limeshiba muda mrefu, na lehemu (kolesteroli) hushuka kidogo.

Kuhusu sukari ya damu, nasema bila kuzunguka: dona iliyosagwa laini sana bado ni unga laini. Wanga wake humeng'enywa upesi, na bonge kubwa la dona hupandisha sukari ya mgonjwa wa kisukari karibu kama la sembe. Ushauri wa "kula dona hata ukashiba utakavyo" umewaponza wengi. Ugali usizidi robo ya sahani, nusu iwe mboga, robo iliyobaki iwe maharage, samaki au nyama. Makande ya mahindi yasiyokobolewa ni bora kuliko ugali wowote, kwa kuwa punje huingia tumboni ikiwa bado na umbo lake. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha mpaka mahindi yalainike (ni kazi ya saa kadhaa), na maharage uyaweke baadaye ili yasivurugike.

Ute wa mlenda nao ni nyuzinyuzi, na hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni, kwa hiyo ugali wa uwele kwa mlenda ni mlo wenye akili. Kinachouharibu ni magadi. Magadi yana sodiamu, ambayo mwenye shinikizo la damu haihitaji, na huua sehemu ya vitamini B. Weka karanga zilizopondwa badala yake; utelezi wa mlenda hautapotea.

Sasa ghalani, mahali ambapo watetezi wa dona hawapendi kutazama. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu zile zile tunazozisifia. Kukoboa hupunguza sumu hiyo. Dona huibeba yote. Mwaka 2016 mikoa yetu ya Dodoma na Manyara ilishuhudia mlipuko wa sumukuvu ulioua watu, na chanzo kilikuwa mahindi ya majumbani. Kupika hakuiondoi, kwa kuwa inastahimili joto la jikoni. Mahindi yanaweza kuonekana meupe na yakawa nayo, ingawa yaliyobadilika rangi ndiyo hatari zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kusaga dona, mahindi yawe yamekaushwa juu ya turubai, si chini kwenye udongo, mpaka unyevu ufike asilimia 13 au pungufu. Asiye na kipimo atumie chupa kavu ya kioo: jaza theluthi moja mahindi, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika mbili, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15, rudisha juani. Kisha pepeta na uchambue kwa mkono: ondoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zenye ukungu, zilizosinyaa. Osha haraka, na zinazoelea zitupe. Usimpe hata kuku, kwa sababu sumu inamdhuru naye. Anika tena mpaka zikauke kabisa. Ukishindwa kuyafanya haya, kula sembe na uongeze kunde. Mtama na uwele kwa kawaida huathirika kidogo kuliko mahindi na karanga, sababu nyingine ya kuzirudia nafaka zilizozoea ukame wetu.

Mashineni mwambie fundi asikoboe, asage moja kwa moja. Usisage debe zima. Kiini kina mafuta, na mafuta yakishasagwa huanza kuchacha: dona ikae wiki mbili tatu, unga wa uwele wiki moja. Ukionja ukakuta uchungu, si "ladha ya asili", umeshachacha.

Kupika pia kuna tofauti. Dona hunywa maji mengi. Kwa nusu kilo ya unga tumia lita moja na robo. Koroga kwanza uji mwepesi, uchemke dakika kumi, ndipo usonge, kisha punguza moto ufunike dakika tano. Wanaolalamika kwamba dona inakwaruza koo mara nyingi wamesonga haraka mno. Mtama mwekundu una tanini zinazoleta ukakasi. Mweupe, kama aina ya Macia, ni rahisi kuanza nao. Changanya nusu kwa nusu na sembe kwa wiki mbili. Ukihama ghafla tumbo litajaa gesi, na usipoongeza maji ya kunywa utafunga choo badala ya kukilainisha.

Ganda la nafaka lina fitiki asidi, ambayo huzuia mwili kufyonza madini chuma na zinki. Kuloweka au kuchachusha uji huipunguza. Chai usinywe pamoja na mlo. Limao au ubuyu husaidia chuma kiingie. Mjamzito asitishwe kuhusu sembe yenye nembo ya kuongezwa virutubishi: ina chuma, zinki, vitamini B12 na asidi ya foliki, na dona ya mashine ya mtaani haijaongezwa chochote.

Asubuhi, badala ya maandazi, viazi vitamu vya Gairo vya kuchemsha vinatosha. Mkate wa rangi ya kahawia usiununue kwa rangi, maana inaweza kuwa ya kutiwa. Soma kama kiungo cha kwanza ni unga wa ngano nzima.

Mtoto wa chini ya miaka miwili ana tumbo dogo. Uji mzito wa maganda humshibisha kabla hajapata nguvu ya kutosha, hivyo tumia ulezi laini na kijiko cha karanga zilizosagwa. Unga wa "lishe" wa nafaka kumi na soya mbichi uuache: kila nafaka huiva kwa muda wake, na soya isiyoiva huzuia protini kumeng'enywa.

Anayetumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kisukari) na akapunguza wanga ghafla, sukari inaweza kushuka mpaka atetemeke na kutoka jasho. Apime mara nyingi zaidi wiki za kwanza na amweleze daktari ili dozi irekebishwe. Mgonjwa wa figo asibadilishe chochote kabla ya kuulizia, kwa sababu nafaka nzima zina potasiamu na fosforasi nyingi kuliko sembe.

Msomaji, Dodoma