Aliyeimba huku akipiga dramu kwenye Hurriganes

Uliuliza nani alikuwa akiimba kwenye Hurriganes, bendi ya rokenroli ya Ufini, mpiga gitaa au mpiga dramu, na anawezaje kuimba huku akipiga. Ni mpiga dramu: Remu Aaltonen, mzaliwa wa Helsinki, 1948. Cisse Häkkinen, mpiga besi, naye aliimba baadhi ya nyimbo, ndiyo maana wengi huchanganya. Bendi ilianza 1971. Mpiga gitaa kwenye albamu ya Roadrunner (1974), ile yenye wimbo "Get On", ni Albert Järvinen. Kwenye albamu ya Crazy Days ya 1975 mpiga gitaa ni Ile Kallio, usiwachanganye. Walivunjika 1984, wakarudiana 1988. Cisse akafariki 1990, Albert 1991.

Kuhusu "anawezaje yote mawili": sikiliza midundo ya Remu. Ni rokenroli iliyonyooka, dramu kubwa ya mguu na snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) bila madoido mengi, na mapambo ya dramu huja pale sauti inaponyamaza. Maneno ni mafupi, ya Kiingereza cha kubahatisha (kwa kweli hakuna aliyejali), kwa hiyo pumzi inatosha.

Ukitaka kujaribu, stendi ya maikrofoni yenye mkono itokee ubavuni au nyuma yako, isikate njia ya fimbo. Midomo iwe karibu kabisa na maikrofoni; ukijitenga hata kidogo, matoazi yanaingia na kufunika sauti. Shika kwanza mdundo hadi mikono iende yenyewe, kisha tamka maneno bila kuyaimba, melodi ije mwisho. Ukianza na vyote pamoja, mkono wa snea utaanza kufuata silabi na tempo itayumba.