Tangazo langu linasomeka kama nafoka. Nirekebishe wapi?

SWALI

Shikamoo mhariri. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi hapa Rungwe. Matangazo yote ya kikundi naandika mimi, ya kubandika ubaoni kituoni na ya kutuma kwenye kundi la WhatsApp. Wiki iliyopita wazee wawili walinifuata wakaniuliza, "Binti, mbona unatufokea?" Nami sikuwa na hasira hata chembe. Tangazo lenyewe lilikuwa hili:

"Wakulima wote mnakumbushwa kwamba ni marufuku kuchuma maparachichi machanga. Mtakaoleta matunda yasiyo na vikonyo hamtapokelewa. Mmeshaambiwa mara nyingi. Mzigo uwe umefika kituoni Alhamisi kabla ya saa 2 asubuhi. Utekelezaji ni lazima."

Naandika pia habari fupi za kilimo, na rafiki yangu anasema zingeweza kuwa zimeandikwa na mtu yeyote. Naomba kujua: toni inakaa wapi katika maandishi? Mtindo wangu mwenyewe nitaupataje? Na Kiswahili chetu cha huku, kama "nasemaga" na "kashamba", nikifute?

Katibu, Tukuyu

JIBU

Marahaba, katibu. Wazee wako wamesikia sawasawa, na wewe pia unasema kweli kwamba hukuwa na hasira. Yote mawili yanawezekana. Ukiwa nao kituoni unaweza kusema "leteni mapema!" huku unacheka, na hakuna atakayenuna. Karatasini kicheko hakipo. Yamebaki maneno matupu, na katika Kiswahili sehemu kubwa ya toni hukaa ndani ya kitenzi: nafsi mwanzoni, wakati katikati, kauli mwishoni. Ndiyo maana ukiongeza "tafadhali" juu ya tangazo hili halitalainika. "Tafadhali" ikiwekwa kwenye sentensi kali huongeza ukali, na ikiwekwa mwishoni ("msirudie tena, tafadhali") inakaribia kuwa tishio.

Tuanze na kitenzi kinachouma kuliko vyote: "hamtapokelewa". Kiangalie vizuri. Anayekataliwa hapo ni nani? "Ham-" ni ya watu. Umewaambia wazee kwamba wao wenyewe, na si matunda yao, watarudishwa mlangoni. Weka "hayatapokelewa", na kinachokataliwa kinakuwa matunda, mkulima anabaki na heshima yake. Ni silabi moja tu iliyobadilika, na sharti lako halijalegea hata kidogo.

Kinachofuata ni "mmeshaambiwa". "-mesha-" peke yake haina ubaya. "Nimeshakula" haimkeri mtu. Lakini ikikutana na kauli ya kutendwa na nafsi ya pili, ndiyo sauti ya mzazi mbele ya mtoto mkaidi. Zaidi ya hapo, sentensi hiyo haina kazi. Aliyeambiwa anajua kwamba aliambiwa, na ambaye hakuambiwa anaona anasingiziwa. Ifute yote.

"Mnakumbushwa" ina tatizo la namna nyingine: aliyekumbusha hayupo. Kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji ni lugha ya ofisi kubwa, na mtu akiisoma anatafuta muhuri chini yake. Katibu wa kikundi, ambaye watu wanamjua mpaka kwao, akijificha nyuma ya "mnakumbushwa" anaonekana amejipandisha cheo. "Utekelezaji ni lazima" ni vilevile. Nomino za "u-...-aji" (utekelezaji, uzingatiaji, ufuatiliaji) humeza mtu na kazi kwa pamoja, usijue nani afanye nini. Ukizikuta kwenye tangazo lako, rudisha kitenzi: nani atatekeleza nini, lini.

Sasa kuhusu namna ya kuagiza. Kiswahili kinakupa ngazi ndefu, na waandishi wengi hutumia kipandio kimoja tu. Chukua jambo lilelile la kuleta mzigo:

Leteni mzigo saa 2.
Mlete mzigo saa 2.
Tulete mzigo saa 2.
Naomba mlete mzigo saa 2.
Mkileta mzigo kabla ya saa 2, utapimwa kwenye foleni ya kwanza.
Mzigo uletwe saa 2.

Ya kwanza ni amri, na ina mahali pake: gari likiwaka moto huandiki "naomba mlizime". Ya pili, kwa ile "-e" ya mwisho, ni agizo lenye heshima, na ndiyo ningependa liwe chaguo lako la kila siku. Ya tano haiagizi kabisa. Inaonyesha faida na kumwachia mtu aamue, na kwa wazee hiyo hufanya kazi kuliko zote, mradi faida iwe ya kweli. Ya sita ni ya ofisi.

Ya tatu inahitaji tahadhari. "Tu-" huleta udugu ikiwa na wewe una miti na utasimama kwenye foleni ileile. Kama huna, wasomaji watagundua mara moja kwamba ni "tu-" ya kupaka mafuta, na afadhali ungeamuru.

Kitu kingine kinacholainisha ni sababu. Tangazo lako lina makatazo mawili na halielezi hata moja. Mkulima asiyejua kwa nini kikonyo kinatakiwa ataona ni usumbufu wa mnunuzi. Mwambie. Hivi ndivyo ningeliandika:

"Ndugu wakulima, gari la mnunuzi litafika kituoni Alhamisi saa 2 asubuhi. Mzigo uwe umefika kabla ya hapo, na uliotangulia ndio utakaopimwa kwanza. Tunapochuma, tukate kwa mkasi na kuacha kikonyo kifupi kwenye kila tunda. Kikinyofoka, uozo huingilia hapohapo, kwa hiyo tunda lisilo na kikonyo halitapokelewa. Matunda machanga hayatapokelewa, kwa sababu hayaivi vizuri: hunywea, na nyama yake hubaki kama mpira. Mwenye shaka kama yake yamekomaa alete mawili Jumanne tuyaangalie pamoja. Katibu."

Masharti yote bado yapo. Limeongezeka urefu, ni kweli, lakini maneno yaliyoongezwa yana habari ndani yake. Angalia pia mpangilio: lako lilianza na marufuku, hili limeanza na gari linalokuja. Msomaji akikutana na jambo linalomhusu kwanza, katazo linalofuata hulipokea kama msaada.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo nakuonya mapema kwa sababu watu wakishaambiwa "unafoka" hulikimbilia. Ni kulainisha mpaka ukweli unapotea. Kauli ya kutendeka ndiyo mlango wake. "Mizani imeharibika" ni lugha ya upole kuliko "umeharibu mizani", na mara nyingi ndiyo inayofaa. Lakini kama fedha za kikundi zimechukuliwa na mtu, "fedha zimepotea" ni uongo wenye adabu. Hapo toni nzuri ni ile inayotaja kilichotendeka, kiasi gani na siku gani, bila neno hata moja la kumpamba au kumtukana aliyetenda.

Kabla ya kubandika, fanya ukaguzi wa dakika 5. Piga mstari chini ya kila kitenzi. Pembeni ya kila kimoja andika nani anatenda. Kama zaidi ya nusu havina mtu, unaandika kama ofisi. Kama vingi vinaanza na "m-" na "ham-", unanyooshea watu vidole. Kisha mpe mtu mwingine alisome kwa sauti mbele yako, asiwe wewe, kwa maana wewe utalisoma kwa sauti uliyokusudia. Pale atakapokunja uso au kupandisha sauti, ndipo penye kasoro. Kwenye WhatsApp ongeza mawili: herufi kubwa tupu zinasomeka kama kelele, na ujumbe unaoanza bila salamu kwa mtu mzima unasomeka kama ugomvi hata ukiwa na habari njema.

Tuje kwenye mtindo. Toni hubadilika kwa kumfuata anayesoma na jambo lenyewe. Mtindo ni kile kinachobaki toni inapobadilika, kama unavyomtambua ndugu yako kwenye simu akiwa na furaha au akiwa na msiba. Kwa hiyo mtindo huutengenezi kutoka hewani. Tayari unao mdomoni, na shule na ofisi zimekuzoesha kuuacha mlangoni kila unaposhika kalamu. Kazi ni kuurudisha.

Chagua jambo moja unalolijua sana, tuseme namna ya kutambua parachichi lililokomaa. Mweleze mtu kwa mdomo kwa dakika 3 huku simu inarekodi. Kesho yake, bila kusikiliza, andika jambo hilohilo kwenye karatasi. Kisha nakili rekodi neno kwa neno na uweke karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Tafuta vitu vitatu: sentensi zako huanza na nini, unafananisha vitu na nini, na jambo kuu unalitaja mwanzoni au unalizunguka kwanza. Karibu kila mara karatasi ya rekodi ina mifano ya kushikika na karatasi ya pili ina "ni muhimu kuzingatia kwamba". Yale ya rekodi ambayo hayapo kwenye maandishi ndiyo yako.

Usichukue kila kitu, hata hivyo. "Yaani", "sasa", "unaona eeh" ni pumzi tu. Wengi huzijaza kwenye maandishi wakidhani ndizo mtindo, na msomaji anachoka ukurasa wa kwanza.

Kisha hesabu maneno katika sentensi 10 zinazofuatana. Kama zote zina maneno 14 hadi 18, hapo ndipo rafiki yako alipochoka, hata kama hakujua kusema. Kumbuka kwamba neno letu moja hubeba mzigo mkubwa: "hatukuwaambia" lina mtenda, mtendwa, wakati na ukanusho. Sentensi ya maneno 20 ya Kiswahili ni ndefu kuliko inavyoonekana. Vunja moja iwe na maneno 5. Unganisha mbili zinazofuata. Soma kwa sauti usikie tofauti.

"Amba-" ni mahali pengine pa kuchezea mwendo. "Matunda ambayo tuliyachuma jana" na "matunda tuliyochuma jana" yana maana moja, lakini la pili linatembea haraka. Ukiwa na "-na-" au "-li-", au wakati ujao kwa "-taka-", rejesha ndani ya kitenzi: anayechuma, aliyechuma, atakayechuma. Ukiwa na "-me-" huna budi kutumia "amba-": "ambaye amechuma". Mwandishi anayetumia "amba-" pale tu anapoihitaji, au anapotaka msomaji apunguze mwendo, husikika tofauti na anayeinyunyiza kila mstari.

Punguza pia maneno ya kukodi. "Aidha" na "sambamba na hilo" ni ya ripoti. "Mwisho wa siku", kwa maana ya hatimaye, limetafsiriwa kutoka lugha nyingine. Sisi tuna "mwishowe". Methali nazo, moja kwa habari nzima inatosha, na iwe imekuja yenyewe. Badala yake andika ulichokiona. "Ukungu ulikuwa mzito" kila mtu ameshaandika. "Pale Isyonje saa 4 asubuhi magari yalikuwa bado yamewasha taa, na mama mwenye viazi tulimsikia anatuita kabla hatujamwona": hiyo hakuna atakayesema ni ya mtu yeyote.

Kunakili mwandishi unayempenda si dhambi, ukijua unachonakili. Nakili aya yake moja kwa mkono, maneno kama 150. Funga kitabu. Andika aya yako kuhusu jambo lako kwa kufuata mifupa yake: yeye alipoweka sentensi fupi, weka fupi, alipouliza, uliza. Kinachoharibika ni pale mtu anapobeba msamiati badala ya mifupa, akaibuka na maneno mazito yasiyokaa mdomoni mwake. Fanya hivyo mara 3 kwa wiki, kila wiki mwandishi mwingine, usije ukaganda kwa mmoja. Jipe miezi 3 kabla ya kujihukumu.

Swali lako la mwisho nimelipenda kuliko yote. "Nasemaga" haikutokana na uvivu. Lugha nyingi za Nyanda za Juu, Kinyakyusa ikiwamo, zina kiishio cha namna hiyo cha jambo la mazoea, na kina faida ambayo "hu-" haina: kinabakiza nafsi. "Husema" haituambii ni nani, "nasemaga" inatuambia. Kwenye habari zako, mkulima akinukuliwa, mwachie "-ga" yake, ndiyo sauti yake. Kwenye sentensi zako mwenyewe na kwenye matangazo andika "huwa nasema" au "huwa tunachuma": nafsi inabaki, na mnunuzi kutoka Tanga hatakwama.

"Kashamba" nayo iache ndani ya nukuu, ila uiangalie inamhusu nani. "Kashamba kangu" ni unyenyekevu wa mwenye mali. "Kashamba kake" ni dharau, na huyo mwenye kashamba atakuja kukuuliza kituoni.