Frere Town ilianzaje?

Ndugu, umeuliza Frere Town ilianzaje hata ikawa kitongoji cha Mombasa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Aliyetumwa na Uingereza kumshawishi alikuwa Bartle Frere. Miaka miwili baadaye wamisionari wa Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza, wakaanzisha makazi ya watumwa walioachwa huru bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakayapa jina la Frere. Mimi naona wanaosahauliwa mno ni Waafrika waliosomeshwa Nasik, India: wao ndio walioshika kazi ya ualimu na ukalimani. Kengele ya makazi hayo ingali pale panapoitwa Kengeleni. Daraja la kuelea la Nyali, lililounganisha kisiwa na bara, lilipofunguliwa 1931, mji wa Mombasa ukaanza kuwafuata wakazi wa Frere Town.