Linki inakufa saa kumi jioni? Usikimbilie kuongeza bomba la antena

Juzi kuna ndugu kaniandikia, "kaka linki yangu ya intaneti, dishi kwa dishi, inavuka maji, asubuhi iko freshi, jioni inakata, chaneli nimebadili zote, nifanyeje?" Nikacheka, halafu nikanuna, maana linki ya hivyohivyo ilinidhalilisha mwaka juzi.

Nilifunga Raskazone kuelekea Chongoleani, huku Tanga, kama kilomita 7, karibu yote juu ya maji. Dishi mbili, 5.8 gigahezi. Siku ya kukabidhi signo imekaa -58 (ikikaribia sifuri ndo ina nguvu), mteja kafurahi mpaka kapiga picha na mimi. Wiki haijaisha, simu: netiweki hakuna. Nafika, imerudi. Nikasema waifai za majirani hizo, nikaskani, nikatoka chaneli ya 40 megahezi nikashuka 20 (hii fanyeni tu, chaneli nyembamba inaokota kelele, yaani mawimbi yasiyo yako, nusu). Wapi! Signo inaporomoka hadi -80 na kelele iko palepale. Ningekua na akili ningeshtuka hapo, kelele haijapanda ila signo imeshuka, sasa jirani anahusikaje? Nikakoleza pawa mpaka mwisho, nikaongeza bomba mita 3. Loh, ikaacha kufa saa kumi ikaanza kufa saa nane.

Mteja akaniita fundi uchwara mbele ya wafanyakazi wake, hela ya mwisho hakunipa. Akaleta fundi kutoka Dar, naye akaongeza bomba.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja anakalafati mashua pale chini. "Mwanangu, ile mashine yako mbona ilikua inagoma bamvua tu? Maji mafu ilikua haina neno." (Bamvua ni siku maji yanajaa na kupwa sana, maji mafu ni siku yanasogea kidogo.) Nikafungua rekodi za zamani kwenye laptop, kweli bana, mwezi mchanga na mwezi mpevu, basi.

Yaani signo inafika kwa njia mbili, moja inanyooka, nyingine inadunda kwenye maji. Wimbi la 5.8 lina urefu wa sentimita 5 hivi, zikifika zimepishana vibaya zinauana zenyewe kwa zenyewe, na maji ya huku yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi, njia ya kudunda inabadilika nayo, unategemea nini? Ndo maana pawa haikusaidia, ukiikoleza na ile inayodunda inakolea. Bomba nalo linahamisha saa ya kufa tu.

Dawa yake irudishe antena nyuma na uishushe, ukingo wa paa uizibie maji ya mbele, ile inayodunda isifike, ila ng'ambo uione. Usishuke hovyo lakini, kwa kilomita 7 pale katikati acha kama mita 6 wazi kati ya mstari wa signo na maji ya bamvua kubwa. Vijana tunapenda sana kuongeza, kila kitu ongeza, kalenda ya mwezi hatuangalii na tumezaliwa pwani!

Mwezi uliopita mteja yuleyule kapiga, sauti ya upole. Nikamwambia deni kwanza. Kalipa yote. Nikang'oa bomba la yule wa Dar, nikarudisha dishi nyuma ya tenki la maji, bamvua imepita signo inacheza -60, -62. Picha safari hii hakuomba.

Wewe ndugu uliyeniandikia, kasimame pale kwenye antena yako saa kumi siku ya mwezi mpevu, upige picha ukitazama ng'ambo, unitumie nione maji yanaanzia wapi.